Kupanga Si Aibu, Kujenga Bila Hati Ni Hatari

Umekuwa ni msemo wa kawaida katika miji yetu, hasa Kampala na vitongoji vyake, kwamba mtu anayelipa kodi ya nyumba anajaza mfuko wa mwenzake na kuutoboa wa kwake. Msemo huu husemwa kazini na vilabuni, na husemwa zaidi siku ya posa, pale wazee wa upande wa binti wanapotaka kujua kijana analala wapi. Akijibu kuwa amepanga vyumba viwili Kireka, hutazamwa kama mtu ambaye bado hajaanza maisha. Akijibu kuwa ana kiwanja Matugga, hata kama kiwanja chenyewe ni majani matupu na hakijapata kuonwa na mpima ardhi, wazee hutikisa vichwa kwa kuridhika na mazungumzo huendelea.

Sisi twaona kuwa hukumu hiyo hutolewa haraka mno, na kwamba imewaingiza wananchi wengi katika hasara ambayo wangeweza kuiepuka. Katika mafunzo ya maofisa wanafunzi jambo la awali tulilofundishwa juu ya shabaha ni kukadiria umbali kabla ya kugusa kifyatulio. Mambo ya nyumba nayo yataka makadirio.

Tuanze na kodi yenyewe. Tuchukue mpangaji anayelipa shilingi 300,000 kwa mwezi. Kwa mwaka hizo ni shilingi 3,600,000. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 imeweka mpaka kwamba kodi isipandishwe kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, isipokuwa Waziri ameweka kiwango kingine. Na tuseme mwenye nyumba huyu ni mtu wa kuitumia haki yake yote, kila mwaka hupandisha asilimia 10 kamili bila kusahau. Katika mwaka wa 10 mpangaji wetu atakuwa akilipa kiasi cha shilingi 707,000 kwa mwezi, na jumla ya aliyolipa katika miaka yote 10 itakuwa kama shilingi milioni 57. Mkononi atabaki na stakabadhi, kama alikuwa akizidai.

Hesabu hiyo ndiyo inayowatisha watu, nao wana haki ya kutishika. Lakini hiyo ni nusu ya hesabu, na nusu ya pili haisomwi posani. Mkopo wa nyumba wa shilingi milioni 100, kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka (na riba ya namna hiyo si ngeni katika mabenki yetu), ukilipwa kwa miaka 15, utamtaka mkopaji atoe kiasi cha shilingi 1,540,000 kila mwezi. Atakapomaliza atakuwa ametoa karibu shilingi milioni 277. Yaani amejijengea nyumba moja, na nyingine karibu mbili ameijengea benki. Ni wafanyakazi wangapi wa serikali, walimu, wauguzi au askari, wanaoweza kutoa fedha hizo kila mwezi na bado wakabakiwa na chakula cha watoto?

Ndiyo maana walio wengi hawakanyagi benki. Wao hujenga kidogo kidogo. Mwaka huu hununua kiwanja cha futi 50 kwa 100, mwaka ujao hufyatua matofali, mwaka wa tatu humwaga msingi, kisha mtoto huingia shule ya sekondari na ujenzi husimama miaka miwili. Mvua huyanyeshea matofali, mengine hurudi kuwa udongo, mengine hupunguzwa usiku na majirani wema. Ukipita barabara ya Gayaza au ukielekea Kyengera utaziona nyumba hizo kwa mamia, kuta zimefika usawa wa madirisha, ndani pameota migomba. Kila moja ni akiba ya mtu, na wakati wote huo mtu huyo yungali akilipa kodi mjini. Hulipia nyumba mbili na kulala katika moja.

Hatusemi haya ili kuwavunja moyo wajenzi. Kujenga kidogo kidogo hakuna riba, wala hakuna dalali wa mahakama atakayekuja na karatasi ya benki. Twasema tu kwamba fedha iliyomo ukutani haiwezi kutolewa mtoto anapougua. Mpangaji mwenye nidhamu aweza kuiweka akiba yake mahali pengine ikazaa: katika chama cha ushirika cha akiba na mikopo, au katika hati fungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu, ambazo mwananchi aweza kuanza nazo kwa shilingi 100,000. Tumeweka neno nidhamu makusudi. Mpangaji ambaye tofauti ya kodi na gharama ya ujenzi huinywa yote kabla ya tarehe 10 hana hoja ya kuwapa wazee wa posa, nao wana haki ya kumkataa.

Maisha yenyewe pia hutofautiana, wala si fedha tu. Aliyepanga karibu na kazi huamka saa kumi na mbili, watoto wake huenda shuleni kwa miguu, na akihamishiwa Gulu au Mbarara hufunga virago kwa siku moja. Kwa upande mwingine huvumilia choo cha watu kumi na wawili, magomvi ya mita moja ya umeme, na amri za mwenye nyumba: kuku marufuku, wageni wasilale, lango hufungwa saa nne. Aliyejenga mbali huamka saa kumi usiku ili aitangulie foleni ya magari. Maji hununua kwa madebe, na nguzo ya umeme huingojea kwa miaka. Lakini jioni hukaa barazani pake, hupanda mgomba wake na kuula. Liko pia jambo ambalo watu wa mahesabu hulisahau: katika sehemu nyingi za nchi hii mtu huzikwa katika ardhi ya ukoo wake. Mpangaji akifiwa mjini hutafuta gari la kupeleka maiti kijijini, na nyumba ile aliyoilipia miaka 20 haina hata mahali pa kukaza turubai la matanga. Hakuna hesabu ya riba iwezayo kulipima jambo hilo, nasi hatujaribu.

Sheria nayo humwangalia mwenye kujenga kwa jicho la upole kidogo. Nyumba anayoishi mwenyewe haitozwi kodi ya majengo ya halmashauri tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2006. Akipangisha ndipo serikali humjia: tangu Julai 2022 mtu binafsi hutozwa asilimia 12 ya mapato yake ya kodi za nyumba yanayozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, bila kutolewa gharama zozote. Wenye nyumba hulalamika juu ya jambo hilo, na wapangaji hulilipia.

Hata hivyo, yote tuliyokwisha kusema ni madogo yakilinganishwa na jambo moja ambalo ndilo lililotufanya tuandike. Nchini Uganda mtu aweza kuwa mwenye nyumba na mpangaji kwa wakati mmoja, na wengi wako hivyo bila kujua.

Chanzo cha hayo ni cha zamani. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliigawa ardhi kwa maili za mraba, ikawa mali ya Kabaka, wakuu na watu wachache, na wakulima waliokuwa wakiishi juu yake wakageuka wapangaji wenye kutoa busuulu. Mwaka 1975 serikali ya Idi Amin ilitoa amri iliyoifanya ardhi yote kuwa mali ya umma. Katiba ya mwaka 1995 ikairudisha kwa wananchi na kutambua aina nne za umiliki: wa kimila, wa kudumu, wa mailo na wa kukodi kwa miaka. Ndani ya mailo wamebaki watu wa aina mbili juu ya udongo mmoja. Mmoja ana hati. Wa pili ana kibanja, na juu ya kibanja hicho ana nyumba yake, kisima chake na makaburi yake.

Mtu mwenye kibanja halali analindwa. Marekebisho ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2010 yanasema hawezi kuondolewa ila kwa sababu ya kutolipa busuulu, tena kwa amri ya mahakama, na busuulu ni kiasi kidogo. Lakini yafaa ieleweke kuwa ulinzi huo una masharti yake. Anayetaka kuuza kibanja hana budi kwanza kumpa mwenye ardhi nafasi ya kukinunua. Asipofanya hivyo ametenda kosa, na mnunuzi amenunua kesi. Hapo ndipo kijana wetu wa Matugga anaponasa. Alioneshwa kiwanja na dalali siku ya Jumapili. Akatoa fedha mbele ya mashahidi wawili na mwenyekiti wa baraza la kijiji, akapewa karatasi yenye mhuri, akafurahi. Hakuuliza ardhi ni ya nani. Hakwenda ofisi ya ardhi kulitazama daftari. Hakuuliza kama muuzaji ana mke, ingawa sheria yakataza kuuza ardhi ambayo familia inaishi juu yake bila idhini ya mwenzi. Alichonunua ni ruhusa ya muuzaji, na huenda muuzaji hakuwa na ruhusa ya kutoa.

Mifano si ya kubuni. Oktoba 2018 mamia ya wakazi wa Lusanja, wilayani Wakiso, watu waliojihesabu kuwa wenye nyumba, walibaki nje baada ya nyumba zao kubomolewa katika mgogoro wa ardhi. Mwaka 2024 nyumba zilizojengwa katika kinamasi cha Lubigi, pembeni mwa Kampala, zilivunjwa na mamlaka ya mazingira kwa kuwa kinamasi si mahali pa kujenga. Waliolia pale walikuwa wamepaua, wengine wamepaka na rangi. Tume ya uchunguzi wa mambo ya ardhi iliyoongozwa na Jaji Catherine Bamugemereire ilianza kusikiliza wananchi mwaka 2017 na kukabidhi taarifa yake mwaka 2020. Aliyefuatilia vikao vyake anajua kuwa hata hati iliyopigwa muhuri yaweza kuwa ya kughushi, au ya pili juu ya kiwanja kimoja.

Wala mpangaji asicheke. Mwaka 2011 wakazi wa mitaa ya Naguru na Nakawa, iliyojengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa mjini, waliondolewa ili pajengwe mji mpya. Walikuwa wapangaji, wengine wamezaliwa humo na kuzaa humo. Miaka ikapita sehemu kubwa ya ardhi hiyo imekaa tupu. Wapangaji wa flati za Bugolobi walikuwa na bahati tofauti: waliuziwa walimokuwa wakiishi. Tofauti ya makundi hayo mawili haikutokana na uhodari wa wapangaji. Iliamuliwa mezani, nao hawakuwapo.

Sasa tuje kwa kundi ambalo halitajwi katika mabishano haya, nalo latuhusu kwa karibu. Ni wale wasiolipa kodi wala hawakujenga: askari, polisi, walinzi wa magereza, na baadhi ya walimu na wauguzi wanaokaa katika nyumba za serikali. Kila mtu Uganda anajua jina la vile vibanda vya mabati vyenye milango mifupi kambini, mama ingia pole, kwa sababu mama asipoinama hugonga kichwa. Ni vidogo, vina joto mchana na baridi usiku, lakini havina mwenye nyumba anayebisha hodi mwisho wa mwezi. Raha hiyo ndiyo hatari yake. Mtu hukaa humo miaka 18 au 20 akidhani swali la nyumba limekwisha jibiwa.

Twakumbuka asubuhi moja tulipomwona sajini mmoja aliyekwisha staafu akipakia vitu katika lori: kitanda, makochi yaliyofumiwa vitambaa, masanduku, kuku katika tenga. Watoto walikuwa wamevaa sare za shule ya kambini, ambayo wasingeirudia tena. Tukamwuliza, "Afande, lori laenda wapi?" Akajibu kuwa dereva ameambiwa aelekee barabara ya Hoima, na huko mbele wataulizia. Alikuwa mtu hodari kazini, hakupata kuchelewa paredi hata siku moja. Mafao yake yalikwenda kulipa kodi ya miezi sita, karo, na pikipiki ambayo mtoto wa kaka yake aliiangusha mwezi wa pili.

Sajini huyo si peke yake. Askari wa vyeo vya chini hustaafu akiwa na umri mdogo kuliko mwalimu, na hutoka na nguvu zake zote lakini bila paa. Tangu majeshi yetu yalipoingia Mogadishu mwezi wa Machi 2007, maelfu ya vijana wamepitia Somalia na kurudi na fedha ambazo hawakupata kuziona kabla. Fedha hizo zimejenga nyumba nyingi, na twawapongeza waliojenga. Lakini wako pia waliotuma kila mwezi kwa ndugu, wakapokea kwa simu picha za msingi, kisha picha za kuta, kisha picha za mabati. Waliporudi wakakuta nyumba ya picha ni ya mtu mwingine, na ndugu amehama mtaa. Wengine waliikuta nyumba kweli, imejengwa vizuri, juu ya kibanja kilichoandikwa jina la huyo ndugu. Kesi za namna hii ni ngumu kuliko za wezi, kwa sababu mshitakiwa ndiye aliyemlea mshitaki.

Kwa sababu hizo tunayo machache ya kuwaomba wahusika. Chama cha akiba na mikopo cha Wazalendo, kilichoanzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya wanajeshi, kimewafundisha askari kuweka akiba, nalo ni jambo kubwa. Ingefaa mkopo wa kununua kiwanja usitolewe kabla ya daftari la ardhi kutazamwa na mtu anayejua kulisoma. Fedha ya ushirika ilindwe kama silaha ilindwavyo ghalani. Kabla kikosi hakijaondoka kwenda nje, itengwe nusu siku kati ya siku nyingi za matayarisho, afisa wa ardhi awafafanulie vijana tofauti ya hati na kibanja, na wake zao waitwe wasikie pia. Wao ndio wabakiao nyumbani, na ndio waonao kama msingi unachimbwa au haukuchimbwa.

Kwa wafanyakazi wa nje ya majeshi, marekebisho ya mwaka 2022 yaliwaruhusu wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii waliofika miaka 45 na kuchangia miaka 10 kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yao kabla ya kustaafu. Madalali wa viwanja wanaijua sheria hiyo kuliko wanachama wenyewe. Mwenye kuchukua fedha hizo asishangae kuona amepata marafiki wapya.

Na kwa ndugu zetu wapangaji, ambao bado ni wengi mno mijini na wataendelea kuwa wengi, twasema waisome sheria ya mwaka 2022. Mkataba wa thamani ya shilingi 500,000 au zaidi hauna budi uandikwe. Kodi hutajwa kwa shilingi za Uganda, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vingine. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kumtoa mpangaji kwa kung'oa mlango au kuondoa mabati, kama ilivyokuwa desturi ya baadhi yao, aende mahakamani. Mpangaji naye asiigeuze sheria hiyo kuwa kichaka cha kujifichia miezi minne bila kulipa. Mwenye nyumba wa mizigo mitatu Bweyogerere mara nyingi ni mjane au mstaafu anayekula kutokana na vyumba hivyo, na yeye ni mwananchi vilevile.

Tumeambiwa na baadhi ya vijana kuwa kutazama daftari la ardhi ni usumbufu, kwamba ofisini kuna msongamano, na kwamba dalali amesema kiwanja kitachukuliwa na mwingine ifikapo Ijumaa. Dalali husema hivyo kila juma. Ofisi za ardhi za Wakiso na Mukono hufunguliwa siku za kazi, na ada ya kutazama daftari ni ndogo kuliko nauli ya kwenda kukiona kiwanja chenyewe mara mbili. Mwenye likizo mwezi huu achukue namba ya kitalu na aende asubuhi.